Kabla Hujafumba Macho: Maandalizi ya Mazoezi ya Akilini kwa Mwanamichezo

Mwanamichezo anayefumba macho na kujiona amevaa medali bado hajafanya mazoezi yoyote ya akilini. Kinachomjenga ni kuupitia akilini mchezo wenyewe, hatua kwa hatua, na kazi hiyo ina maandalizi yake.

La kwanza ni usahihi wa mbinu. Akili haichagui: anayejiona kila mara akikosa penalti anazoea kukosa. Kama mbinu bado ni ngeni kwako, mwombe kocha aioneshe, ijaribu kwa mwili, jitazame kwenye video, ndipo ufumbe macho. Anza na tendo moja tu, kwa mfano kutoka mstari wa kuanzia mbio au kupiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha, kwenye tenisi. Mechi nzima ni mzigo mkubwa mno kwa anayeanza.

Kulala kitandani ukiwaza si lazima, na mara nyingi hakufai. Mwaka 2001, watafiti Holmes na Collins walipendekeza muundo uitwao PETTLEP, ambao msingi wake ni kwamba picha ya akilini ikaribiane na mchezo halisi kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo vaa viatu vya mchezo, shika raketi, simama mkao wako, sikia kelele za mashabiki na mapigo ya moyo. Kasi nayo iwe ya kweli. Chukua saa: kama mbio zako huchukua sekunde 55 lakini akilini zinaisha kwa 30, kuna sehemu umeziruka, na huenda ndizo zinazokuumiza.

Amua pia unatazamia wapi. Kutazama kupitia macho yako mwenyewe hukupa hisia za mwili. Kujitazama kwa nje husaidia pale umbo la mwili linapohesabiwa, kama kwenye sarakasi za jimnastiki.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kuandaa pia mambo yatakayoharibika. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, katika kuogelea mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani ya mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji. Akiwa haoni vizuri, alihesabu mipigo ya mikono hadi ukutani, akatwaa dhahabu kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Kocha wake, Bob Bowman, alikuwa amemzoesha kuzipitia mbio akilini, hitilafu zikiwemo. Basi andika hitilafu mbili au tatu za mchezo wako, na kwa kila moja jione ukiitatua, usiishie kwenye balaa.

Wapo watu wasioona picha yoyote wakifumba macho. Ukiwa miongoni mwao, usijilazimishe. Fuata mguso, sauti, au hesabu ya hatua.

Tenga dakika chache ukiwa hujachoka, bila kupunguza mazoezi ya uwanjani. Majeruhi wanaweza kufaidika na njia hii, lakini kama kila ukifumba macho tukio la kuumia linarudi, acha kwanza na uzungumze na mtaalamu wa saikolojia ya michezo.