SOMO: Mbwa wako ana mimba? Fanya hivi hadi azae salama

Wadau, wengi wetu huanza kuuliza mbwa akiwa tayari anahangaika usiku wa manane na daktari wa mifugo yuko mbali. Lisomeni hili mapema.

1. Andika tarehe aliyopandwa. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Akizaa kati ya siku ya 58 na 68 si ajabu.

2. Mwezi wa kwanza mlishe kama kawaida. Kuanzia wiki ya 5 au 6 ongeza kidogo kidogo, tena mara 3 au 4 kwa siku, maana tumbo limebanwa. Ugali wa dona mtupu hautoshi: changanya dagaa waliooshwa mchanga, au utumbo uliochemshwa. Vidonge vya kalsiamu usimpe. Mwili ukizoea kupewa, unashindwa kuitoa mifupani maziwa yanapoanza, na hapo ndipo degedege huja. Dawa ya minyoo achague daktari.

3. Wiki mbili kabla, mwandalie boksi kwenye kona tulivu isiyo na upepo, utandike khanga kuukuu. Weka tayari taulo, uzi, mkasi uliochemshwa na iodini.

4. Kuanzia siku ya 58 mpime joto kwa njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37, uchungu utaanza ndani ya saa 24 hivi. Atakataa chakula, atahema, atachimbachimba matandiko. Mwache. Watoto na majirani wasijazane hapo.

5. Mtoto hutoka ndani ya utando. Mama huupasua kwa meno na kumlamba. Asipofanya hivyo ndani ya dakika moja, pasua wewe kuanzia puani, futa pua na mdomo, msugue kwa taulo kichwa kikiwa chini kidogo mpaka alie. Kitovu kifunge uzi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, paka iodini. Wanaotanguliza miguu ya nyuma ni wengi, usishtuke.

6. Mpigie daktari mara moja akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, saa mbili zikipita na bado wamo, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Sindano ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) usimchome mwenyewe: mtoto akiwa amekwama, kizazi kinaweza kupasuka.

MASWALI

Mkuu, wangu anakula kondo la nyuma. Nimnyang'anye?
Hapana, ndiyo asili yake. Ila akila mengi ataharisha. Mawili matatu yanatosha.

Maziwa hayatoki, niwape watoto ya ng'ombe?
Ni mepesi mno kwao. Ulizia maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kwanza wapashe joto, kwani mtoto aliyepoa hameng'enyi kitu. Mlishe akiwa kifudifudi. Ukimlaza chali yataingia mapafuni.

Ndugu, wangu ana wiki ya tatu tangu azae, anatetemeka na miguu imekakamaa.
Kalsiamu imeshuka kwenye damu. Watenge watoto wasinyonye, mpeleke kwa daktari sasa hivi, usingoje asubuhi. Anahitaji kalsiamu ya mshipani, na hiyo huingizwa polepole huku daktari akisikiliza moyo.