Laptopu inawaka lakini haifiki kwenye Windows

Usikimbilie kupiga Windows upya. Angalia kwanza inakwamia wapi. Feni ikizunguka huku kioo kikibaki cheusi, bila hata nembo ya mtengenezaji, ujue Windows haijaguswa bado. Nembo ikitokea kisha ikaganda, shuku diski au mfumo wenyewe.

Kioo kikiwa cheusi, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, halafu washa kwa chaja peke yake. Mulika kioo kwa tochi, kiupandeupande. Ukiona picha hafifu, mashine inafanya kazi; kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo.

Ikishindikana, geukia RAM, yaani kipande cha kumbukumbu ya muda ya mashine. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, na betri ya ndani ichomoe plagi yake kwenye bodi. Tanua vibanio viwili vya pembeni. Kipande kitainuka chenyewe. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha kiingize kikiwa kimeinama na kukandamiza mpaka vibanio vilie. Wengi hukosea hapa: meno yakiwa bado yanaonekana nusu, hakijaingia. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja katika kila tundu, maana tundu nalo hufa. RAM ya DDR5 (kizazi kipya cha RAM) ikishachomekwa upya inaweza kuacha kioo cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza, kwa hiyo usizime kwa pupa.

Ukisoma “No bootable device”, yaani mashine haijapata diski ya kuwashia, chomoa flashi kwanza; mara nyingine ni hilo tu. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya Windows) kwa F2, F10, Delete au Esc, kutegemea mashine. Diski isipoonekana humo, itoe uirudishe. SSD ya M.2 (diski ndogo bapa) hushikwa na skrubu moja tu. Diski ikionekana, kagua mpangilio wa kuwasha: Windows iliyopigwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha) haitawaka ukiweka Legacy (njia ya zamani). Mpangilio ukijibadilisha wenyewe na saa ikirudi nyuma, badilisha betri ndogo ya bodi, mara nyingi CR2032 ya volti 3.

Diski ikigongagonga, achana na chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski), kwani itaichosha zaidi. Washa mashine kwa flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), nakili mafaili yako, ndipo ufikirie ukarabati. Kama BitLocker (kufuli la Windows la kufunga data ya diski) imewashwa, uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48.