Jinsi ya kuitumia sikukuu ya taifa kupinga vita, hatua kwa hatua

Sikukuu ya taifa ni siku ambayo serikali yenyewe imewaita wananchi waifikirie nchi yao. Bendera zimepandishwa, viongozi wamejipanga jukwaani, kamera ziko tayari, watu hawako kazini. Kwa anayepinga vita, ni vigumu kupata siku nyingine yenye masikio mengi kiasi hicho. Vilevile hakuna siku iliyo rahisi zaidi kuitwa msaliti. Nimekuwa nikiandaa shughuli za aina hii kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni huu: usiende kuiharibu sikukuu, nenda ukaidai. Karibu kila sikukuu ya taifa imebeba ahadi, iwe ya uhuru, ya kuwaenzi waliokufa, au ya kutorudia mauaji. Ishike ahadi hiyo, kisha uliza mbele ya watu kwa nini haitimizwi.

Hatua ya 1: Ijue siku kuliko wanaoihutubia

Kabla hujanunua rangi ya bango, tafuta sheria au tamko lililoianzisha sikukuu. Soma nani aliipigania, ilisemwa nini mwaka wa kwanza, na ni akina nani wameachwa nje ya hotuba za siku hizi. Mara nyingi hoja yako yote iko humo, imeandikwa na serikali yenyewe.

Chukua tarehe 11 Novemba. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama siku hiyo mwaka 1918, saa tano kamili asubuhi. Marekani ilipoifanya kuwa sikukuu kwa sheria ya mwaka 1938, iliiweka wakfu kwa ajili ya amani ya dunia. Mwaka 1954 jina likabadilishwa, ikawa siku ya maveterani, na msisitizo wake ukahama pamoja na jina. Veterans For Peace, chama cha askari wastaafu kilichoanzishwa mwaka 1985, hakiikatai siku hiyo. Wanachama wake hugonga kengele mara 11 saa ile ile mizinga iliponyamaza, na kudai maana ya kwanza irudishwe. Huwezi kuwaambia kwamba wanawadharau wanajeshi, maana ni wanajeshi. Huwezi kuwaambia wameleta jambo geni, maana lilikuwa ndani ya sheria.

Mfano mwingine ni Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, tarehe 8 Machi 1917. Wanawake wa viwanda vya nguo waliitumia Siku ya Wanawake kuacha kazi na kuingia barabarani wakidai mkate, na kelele za kutaka vita viishe zikaungana na dai hilo. Wiki moja baadaye Tsar Nicholas wa Pili aliachia madaraka. Simwahidi mtu matokeo ya namna hiyo, kwa sababu njaa na vita vilikuwa vimeshawachosha hata askari waliotumwa kuwazuia. Ninachotaka uone ni kwamba siku ambayo watu tayari wana sababu ya kukusanyika hukupunguzia nusu ya kazi ya kuwaita.

Kila aina ya sikukuu ina mlango wake. Siku ya uhuru inakuruhusu kuuliza nani anaamua kuwapeleka vijana vitani, na kama wananchi waliulizwa. Siku ya kumbukumbu inakuruhusu kuwahesabu waliokufa. Siku ya ushindi ndiyo ngumu kuliko zote, maana watu wamekuja kujivunia. Kwa anayeanza, ningemshauri aiache kwanza.

Hatua ya 2: Andika dai moja

"Tunataka amani" si dai. Hata waziri wa ulinzi atakuambia anataka amani. Dai ni jambo ambalo mtu fulani mwenye cheo anaweza kulifanya au kukataa kulifanya: kutia saini usitishaji mapigano, kuwarudisha askari, kusimamisha mauzo ya silaha, kupeleka suala bungeni likapigiwe kura, kutangaza hadharani idadi ya waliouawa na kujeruhiwa.

Chagua moja. Liandike kwa sentensi isiyozidi maneno 15, uwasomee watu watatu wasiofuatilia siasa, kisha waombe walirudie bila kutazama karatasi. Wakishindwa, andika upya.

Hatua ya 3: Anza na waliofiwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na ningekuomba usiiruke hata kama muda umebana.

Watakaoumizwa na shughuli yako ikiandaliwa vibaya ni wale wale waliokwisha kuumizwa na vita: mama wa askari aliyekufa, mjane, mkimbizi aliyepoteza nyumba, askari aliyerudi bila mguu. Watafute wiki nyingi kabla. Nenda nyumbani kwao kama unavyokwenda kwenye msiba: kaa, sikiliza, usitoe karatasi ya kutia saini siku ya kwanza. Waeleze unachokusudia na uwaulize nini kitawauma. Mzazi anaweza kukubali jina la mwanawe lisomwe na akakataa picha yake ibebwe. Mwingine atataka kuja bila kuzungumza. Mwingine anaamini kabisa kwamba vita ni vya haki. Huyo muage kwa heshima, na jina la marehemu wake usiliguse.

Tangu mwaka 2006 chama cha Combatants for Peace kimekuwa kikiandaa kumbukumbu ya pamoja ya Waisraeli na Wapalestina, katika mkesha wa siku ambayo Israeli huwakumbuka askari wake waliokufa. Familia za pande zote mbili husimama jukwaani na kuwataja wapendwa wao. Wapo wanaoichukia vikali shughuli hiyo na kuipinga waziwazi. Hata hivyo imedumu, na ninaamini imedumu kwa sababu wenye msiba ndio wanaoibeba.

Wastaafu wa jeshi nao watafute mapema. Mwishoni mwa Mei 1971, wikiendi ya sikukuu ya kuwakumbuka mashujaa wa Marekani, askari waliorudi kutoka Vietnam walifanya matembezi ya kupinga vita kupitia miji ya Massachusetts yenye historia ya mapinduzi ya nchi yao. Uongozi wa mji wa Lexington uliwakatalia kulala kwenye kiwanja cha kihistoria. Walibaki, na watu zaidi ya 400 wakakamatwa usiku, wakiwemo wakazi wa mji waliotoka majumbani kukaa nao. Wakazi wale wasingetoka kwa ajili ya kipeperushi. Walitoka kwa sababu waliwaona vijana waliopigana wenyewe.

Hatua ya 4: Mahali na saa

Usizuie uwekaji wa mashada. Usipige kelele wakati wa dakika za ukimya. Ukivunja ukimya wa watu wanaoomboleza, hakuna atakayesikia dai lako tena mwaka huo.

Chagua saa kabla ya gwaride, watu wanapomiminika, au mara tu baada yake, wanapotawanyika. Sehemu nzuri ni pembeni mwa njia wanayopita kwa miguu, mnapoonekana bila kumziba mtu. Nenda ukaitazame saa ile ile, siku kama ile: jua linatoka upande gani, vizuizi vya polisi huwekwa wapi, mtu wa kiti cha magurudumu atapita wapi, watu watatokea wapi ikibidi kuondoka haraka.

Hatua ya 5: Sheria, na tatizo la ofisi kufungwa

Haki ya kukusanyika kwa amani imo katika kifungu cha 21 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua mwaka 2020 kwamba kutotoa taarifa kwa mamlaka hakutoshi peke yake kuufanya mkusanyiko wa amani kuwa haramu. Lakini polisi aliyesimama mbele yako anafuata sheria ya nchi yake, na hiyo ndiyo unayopaswa kuijua kifungu kwa kifungu. Ongea na wakili. Toa taarifa kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wengi husahau kwamba sikukuu hufunga ofisi. Siku za kazi za kutoa taarifa huhesabiwa tofauti. Mahakama hazikai. Sikukuu ikiangukia Ijumaa, aliyekamatwa asubuhi anaweza kukaa mahabusu hadi Jumatatu kwa sababu tu hakuna hakimu. Kwa hiyo fedha ya dhamana iwe mkononi kabla benki hazijafungwa, mawakili wawe wamekubali kuwa zamu siku hiyo, na kila mshiriki awe na namba ya wakili imeandikwa kwa kalamu ya wino mkononi, juu ya kiwiko. Simu ifungwe kwa namba ya siri. Zima ufunguzi wa alama ya kidole na wa uso. Anayetumia dawa kila siku abebe za siku kadhaa.

Kuna nchi ambako kusimama tu na karatasi ya kupinga vita ni kifungo. Ukiwa huko, usimpeleke mtu barabarani kwa mwongozo huu. Maua yaliyowekwa kaburini, mshumaa dirishani, kukaa nyumbani saa ya gwaride: haya nayo huonekana, na ni vigumu kumshtaki mtu kwayo.

Hatua ya 6: Ishara na mabango

Ishara nzuri huongeza kitu kwenye heshima ya siku bila kuitukana. Mwaka 1933 wanawake wa chama cha ushirika nchini Uingereza walianza kuvaa ua jeupe la mpopi, wakati wengine walivaa jekundu la kuwakumbuka askari, ili kuwakumbuka wote waliokufa vitani, raia wakiwemo, na kusema isirudiwe. Ua hilo linavaliwa hadi leo.

Kitambaa cheusi cha mkononi ni cha bei ndogo kuliko vyote. Mwaka 1965 wanafunzi wa mji wa Des Moines, Marekani, walisimamishwa shule kwa kukivaa kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki. Kata pamba, si kitambaa cha kuteleza, upana wa sentimita 8 na urefu wa 60. Funga juu ya kiwiko, fundo liwe nje, ili mtu aweze kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno.

Kwenye bango, maneno yasizidi saba. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, urefu wa sentimita 20, husomeka vizuri kutoka mita 50 hivi. Shona mfuko pembeni wa kupitishia mti, na utoboe matundu machache upepo upite, vinginevyo wabebaji watachoka mapema. Maneno ninayoyapenda ni "Tunawakumbuka wote. Asiongezwe mwingine." Mama aliyefiwa anaweza kulibeba bango hilo. Matusi kwa jeshi, kuchoma bendera, sanamu za damu: yaache nyumbani. Kamera itachukua hayo tu, na waliofiwa wataondoka.

Hatua ya 7: Wasimamizi

Mimi hutaka msimamizi mmoja kwa kila watu 25 au 30, aliyevaa fulana ya rangi moja na wenzake. Wafanye mazoezi siku kabla: nusu wawe waandamanaji, nusu wawe walevi wa sikukuu wanaotukana. Rudieni mpaka msimamizi aache kujibu. Anachofanya ni kusimama ubavu kwa ubavu kati ya mtukanaji na kundi, kumpa mgongo nusu, na kuongea polepole na mtu wake. Anayeanza kurusha mawe asikamatwe na wasimamizi. Kundi zima likae chini. Atabaki amesimama peke yake na kila mtu atamwona.

Hatua ya 8: Kusoma majina

Kama ni siku ya kumbukumbu, kiini cha shughuli yako ni majina. Tumia orodha iliyothibitishwa na familia au iliyotangazwa rasmi. Weka raia na askari kwa mpangilio wa alfabeti, bila kutenganisha pande. Jina moja kwa sekunde 5 ni majina 12 kwa dakika, hivyo dakika 20 zinatosha majina 240. Badilisha msomaji kila dakika 5, maana sauti hukatika mapema kuliko unavyodhani. Majina ya lugha nyingine yafanyiwe mazoezi na mtu anayeizungumza lugha hiyo. Kukosea jina la marehemu mbele ya mama yake ni jeraha la pili.

Baada ya majina, soma dai lako mara moja. Hotuba moja, dakika 4, ya mtu aliyeguswa na vita. Wanasiasa waje kama wasikilizaji.

Hatua ya 9: Waandishi wa habari

Siku ya sikukuu vyumba vya habari huwa na watu wachache, na hotuba za viongozi zinajulikana tangu jana. Tuma karatasi moja siku mbili kabla, kisha ujumbe mfupi alfajiri, ukitaja mahali, saa, dai, na jina la msemaji aliyekubali kutajwa. Msemaji awe na jibu tayari kwa swali ambalo litakuja: "Kwa nini leo?" Jibu lake litoke hatua ya 1. Waliofiwa wasipigwe picha bila ridhaa yao. Weka upande wa kusimama kwa wasiotaka kamera, na waambie wapiga picha mapema.

Hatua ya 10: Baada ya siku

Kabla ya kutawanyika, kila kundi lihesabu watu wake. Asiyeonekana atafutwe vituoni hapo hapo, na mtu mmoja abaki na wakili mpaka wa mwisho atoke. Watembelee waliofiwa ndani ya wiki hiyo, hasa waliozungumza hadharani, kwa sababu matusi ya mitandaoni huanza usiku ule ule. Siku ya kwanza ya kazi, ipeleke barua ya dai kwa ofisi uliyoitaja, ikiwa na sahihi, nakala igongwe muhuri, na uandike juu yake tarehe utakayorudi kuulizia jibu.