Namna ya kutumia "macho" bila kuchekwa hapa Goma

Usifikiri macho ni ya kuonea tu. Mama wa sokoni Birere akikuambia "tupia jicho hii bidhaa", we angalia haraka, usikodoe. "Kaa macho" ndiyo iko na kazi mingi: ni kuwa mwangalifu ao kukesha, kama ile siku ya 22/5/2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni, watu wengi tulikaa macho mpaka asubuhi, wengine wakiwa njiani wanakimbilia Sake ao Rwanda na magodoro kichwani. Mtu mwenye "macho makavu" hana haya, hiyo usimwambie mukubwa! "Kijicho" ni wivu, si jicho dogo, mimi mwenyewe nililichanganya mbele ya shangazi, wakacheka sana.