Umewekwa chuma kwa paja? Goti lianze kusogea sahii

Hii ni yenu nyinyi mlioanguka na boda paja likavunjika, mkapasuliwa mkawekwa chuma, alafu mkarudi nyumbani na karatasi imeandikwa fizio (tiba ya mazoezi) na hakuna aliyewaeleza chochote. Chuma kinashika mfupa ili goti lisogee mapema, hakikuwekwa ndio ulale miezi mitatu ukingoja. Wengi wanaokuja fizio wamechelewa mfupa wao umeshikana vizuri kabisa, ila goti limekauka kama mbao, na hapo kazi inakuwa ndefu na inauma sana.

Kwanza muulize daktari aliyekupasua: huu mguu niukanyage kiasi gani? Usianze kusimama bila hilo jibu. Mazoezi ya kitandani kwa kawaida hayangoji.

Hatua ya 1. Toa mto chini ya goti. Najua mama au bibi ameuweka kwa upendo na kweli unapunguza maumivu, lakini goti linazoea kukaa limekunjika na lisiponyooka utachechemea. Viringisha taulo uweke chini ya kisigino, goti libaki hewani, dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku. Hapo hapo kaza msuli wa juu ya paja, sukuma nyuma ya goti chini kuelekea godoro, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10. Sasa angalia kile kimfupa cha mviringo juu ya goti, msuli ukiamka kinapanda kidogo kuelekea paja. Hakisogei? Weka kiganja juu ya paja, kaza ule mguu mzima, yaani usiovunjika, kwanza usikie vile unafanya, alafu rudi kwa huu. Usichoke mapema, huo msuli ndio utakusimamisha.

Hatua ya 2. Unyayo juu, chini, kila saa ukiwa macho, damu isigande.

Hatua ya 3. Kukunja. Weka kavera (mfuko wa plastiki) chini ya kisigino kiteleze, zungusha leso kwenye unyayo, vuta pole pole kisigino kije kwa makalio. Maumivu ya 4 au 5 kwa 10 (10 ni yale makali kabisa) ni sawa kama mpaka asubuhi yametulia, ukiamka goti limevimba kuliko jana punguza, usiache. Kama daktari amekupa dawa ya maumivu, meza nusu saa kabla. Nyuzi 90 zinakutosha kukaa kwa kiti, lakini choo cha shimo kinataka goti likunjike zaidi sana, kwa hiyo sahii mwambie seremala akutengenezee kiti chenye tundu katikati, usijilazimishe kuchuchumaa. Na asije mtu kulivuta goti kwa nguvu au kukanda pale palipovunjika, hata kama anasifiwa kijiji kizima.

Hatua ya 4. Magongo. Juu yabaki vidole viwili vitatu kabla ya kwapa, pa kushika pawe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito uende kwa mikono, ukiegemea kwapa unabana neva na vidole vinakufa ganzi. Kupanda ngazi mguu mzima unatangulia, kushuka magongo na mguu mgonjwa yanatangulia. Mvua ikinyesha angalia ile mipira ya chini, ikiisha badilisha, udongo wetu unateleza vibaya.

Shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, likivimba, likipata moto na kuuma, au kidonda kitoe usaha, au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kiume, usingoje hata saa moja.

Daktari akiona picha na kukuruhusu gongo moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima. Ukitembea kiuno kinaanguka upande mmoja, rudi kwa mawili kwanza, kila siku lala ubavu mguu mgonjwa ukiwa juu, uuinue umenyooka mpaka kiuno kipate nguvu.