Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Peke Yako Kuvua kwa Mshipi Ziwa Tanganyika

Anayesafiri na wenzake akisahau jeki, huenda mmoja wao akawa nayo, na akiteleza kwenye mawe yupo wa kumwinua. Anayekwenda peke yake hana akiba hiyo, na kwa sababu hiyo maandalizi yake yanapaswa kuanza na watu kabla ya vyombo: nani atajua alipo, nani atampokea mwaloni, yaani mahali mitumbwi inapofikia, na nani ataanza kumtafuta asipopiga simu. Nimesafiri mara kadhaa kutoka Tabora hadi Kigoma nikiwa na Noah niliyoitoa viti vya nyuma na kuweka godoro, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo muda mwingi wa maandalizi yangu unavyotumika kwenye maswali hayo matatu kuliko kwenye kununua ndoano.

Jambo la kwanza ni majira. Katika mwaka 2024 Serikali ilisimamisha shughuli zote za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na anayepanga safari ya katikati ya mwaka, ambao ndio wakati barabara ni kavu na mtu huvutiwa kuondoka, lazima aulize kwanza Idara ya Uvuvi kama ziwa limefungwa. Kwa upande mwingine, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hunyesha kwa nguvu, radi hupiga sana ukanda huu, na mtu aliyesimama ufukweni na fimbo ndefu mkononi anajiweka hatarini bila sababu. Ukiondoa vipindi hivyo viwili, nafasi nzuri inayobaki ni kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Oktoba. Hata hapo upepo wa kusini mashariki huweza kuvuma tangu asubuhi na kuinua mawimbi makubwa, kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kila siku, tena usikilizwe pamoja na maneno ya wavuvi wenyewe, ambao wakiona wingu fulani juu ya milima ya Kongo huvuta mitumbwi yao nchi kavu bila kubishana.

Saa pia ina mambo yake. Kigoma iko magharibi mno mwa nchi ilhali inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, na kwa hiyo jua huchomoza huko takriban dakika 40 baada ya kuchomoza Dar. Anayepanga kuwa majini saa kumi na mbili asubuhi atakuta bado giza, na anayedhani saa kumi na mbili jioni ni usiku ataondoka wakati samaki ndio kwanza wanasogea ufukweni.

Baada ya majira, ruhusa. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na mtu asidhani kwamba fimbo moja na ndoano moja ni jambo dogo lisilohitaji leseni. Nenda kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri kabla ya kufika majini, eleza kwamba unavua kwa burudani na si kwa biashara, uliza leseni inayohusika na maeneo yaliyokatazwa, kisha weka karatasi zako mahali pakavu. Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, zina taratibu zake; zaidi ya hayo, Gombe haifikiki kwa gari hata kidogo, hivyo isiwekwe kwenye ratiba ya mtu anayetegemea kulala ndani ya gari lake.

Ruhusa ya karatasi peke yake haitoshi. Ukifika kijijini, iwe Ilagala, iwe kitongoji chochote kando ya ziwa, mtafute mwenyekiti au mtendaji kabla hujashusha hata ndoo, kisha uende mwaloni kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za ziwa. Salamu ya Kiha, Mwakeye, ikitamkwa na mgeni hata kwa lafudhi ya Kinyamwezi, hufungua mlango ambao fedha haziufungui. Gari geni lililofungwa mapazia na kuegeshwa usiku karibu na maji, katika mkoa unaopakana na Burundi na Kongo, huzua maswali, na ni haki ya wenyeji kuuliza. Maafisa wa Uhamiaji na polisi hukagua magari njiani, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, si chini ya godoro, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa unakoishi isisahaulike. Mgeni aliyejitambulisha hulala usingizi mzuri kwa sababu kijiji kizima kinajua kuwa yupo, na hiyo ndiyo bima kubwa kuliko zote kwa mtu aliye peke yake. Mahali pa kuegesha achague mwenyeji. Yeye anajua kiboko hupita wapi akitoka majini kwenda kula majani usiku.

Gari lenyewe nitalieleza kwa kifupi kwa sababu fundi wako analijua kuliko mimi. Kagua breki, mikanda, maji ya rejeta na betri. Beba tairi la akiba lenye upepo, jeki, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki penye mchanga, pampu, viraka na kamba ya kuvutia. Jaza mafuta Tabora na uongeze tena unapoweza, Urambo, Kaliua au Uvinza, usisubiri taa iwake. Panga kuvuka mto Malagarasi mchana, na mwendo wote uishe kabla ya giza. Jambo moja tu la gari nitalikazia: usiwashe kamwe jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa vioo, hata kama usiku una baridi na mvua. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Pika nje, jiko lipoe nje, na vioo viwili vinavyotazamana viachwe wazi kidogo usiku vikiwa vimezibwa kwa chandarua.

Sasa vifaa vya kuvulia, ambavyo vinahitaji maelezo marefu zaidi. Ninavua kwa kurusha chambo cha manyoya, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na chakula cha samaki, mbinu inayotumika sana kwenye mito ya baridi ya Ulaya kuvua samoni na trauti wa baharini, samaki wanaotoka baharini kupanda mtoni kuzaa. Samoni akishaingia mtoni huacha kula, na mvuvi wa Norway au Scotland husubiri mto ujae kidogo ndipo samaki apande. Kwetu hali ni tofauti kabisa: samaki kama kuhe, mgebuka na sangala hufuata chakula, na chakula chao kikubwa ni dagaa, ambao hupanda juu usiku na kushuka mchana. Kwa hiyo anayejiandaa kwa Tanganyika asome mwenendo wa dagaa. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa na dagaa hukusanyika, na mapambazuko yanayofuata huwa na samaki wakubwa wanaozunguka karibu na uso wa maji. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na hata mwenye fimbo hana sababu ya kutegemea mengi. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kuomba likizo kazini.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, lakini wingi huo wa maji usimtishe mtu, kwa kuwa chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni, na samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Maji ni maangavu sana. Mshipi mnene utaonekana, hivyo kipande cha mwisho kinachoshika ndoano kiwe chembamba na kirefu kiasi cha urefu wa fimbo. Chambo kiwe cheupe au cha rangi ya fedha, urefu wa sentimita 7 hadi 10, mfano wa dagaa. Beba mishipi miwili, mmoja unaoelea na mwingine unaozama, maana jua likishapanda samaki hushuka na ule wa kuelea hautawafikia. Kama utajaribu pia mto Malagarasi, ongeza vipande vya waya mwembamba, kwa sababu mtoni wapo samaki wenye meno makali wanaokata uzi kama wembe.

Katika mbinu hii uzito uko kwenye mshipi wenyewe, wala hakuna chubwi, na mshipi huo hupita nyuma ya mvuvi kabla ya kwenda mbele. Hapo kuna hatari ambayo vitabu vya wenzetu, vilivyoandikwa kwa ajili ya kingo za mito isiyo na watu, haviitilii mkazo: ufukweni kwetu watoto hukusanyika nyuma ya mgeni kutazama. Vaa miwani, waombe watoto wakae upande mmoja unaoweza kuwaona, na minya vijino vya ndoano kwa koleo kabla ya kuondoka nyumbani, ili ndoano ikiingia mwilini itoke kwa urahisi ilikoingilia.

Hili la vijino nalisema kwa uchungu. Nilikuwa peke yangu jioni moja kusini mwa Ujiji, upepo ukageuka wakati wa kurusha, na ndoano ikazama kwenye dole gumba la mkono wa kulia. Koleo lilikuwa garini, gari lilikuwa mbali, na kwa mkono wa kushoto nisingeweza hata kufungua mlango haraka. Kijana aliyekuwa akianika nyavu aliniona, akakata uzi kwa meno, akanishika mkono hadi kwenye gari na kunisaidia kuitoa. Tangu siku hiyo koleo, kisu kidogo, bendeji na dawa ya kusafishia kidonda hukaa kwenye mfuko wa kifuani, na koleo nimelifunga kwa kamba. Kila kifaa cha dharura kifikike kwa mkono wowote ule, kwa sababu huwezi kuchagua mkono utakaoumia.

Afya iandaliwe mapema. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Lala ndani ya chandarua hata garini, na ukipata homa usijitibu kwa kubahatisha, nenda ukapime. Misitu ya miombo ya Kaliua na Uvinza ina mbung'o, wanaoweza kueneza malale na wanaofuata magari yanayotembea pamoja na nguo za bluu na nyeusi, hivyo vaa nguo za rangi ya udongo na ufunge vioo unapopita huko. Kichocho kipo kwenye maji ya ufukweni yenye majani na konokono. Usisimame humo bila viatu virefu vya mpira, na ukirudi nyumbani ueleze kituo cha afya kwamba ulikuwa ziwani. Mamba wapo Malagarasi na kwenye maeneo yake ya kuingilia ziwani. Usioshe samaki wala vyombo ukingoni mwa mto jioni, na usisimame kwenye maji usiyoyaona chini. Andika pia mahali zilipo hospitali za rufaa za mikoa, Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma, uzijue kabla hujazihitaji.

Mtumbwi ukikodiwa, uwe wa mtu aliyetajwa na BMU, na jaketi la kuokolea uje nalo wewe mwenyewe, ulijaribu ukiwa nyumbani, kwa sababu yanayopatikana mwaloni mara nyingi ni machache kuliko abiria.

Chakula hakina ugumu. Unga wa muhogo, mawese na chumvi hupatikana njiani, na chumvi ninapenda kuinunua Uvinza kwenyewe, inakotengenezwa kutoka maji ya chemchemi za chumvi, kwa kuwa samaki wa kubaki hupasuliwa na kutiwa chumvi jioni ileile. Beba maji ya kunywa ya siku tatu. Kuhe anayeonekana akizungukwa na vifaranga vyake mwachie. Yeye na mwenzi wake huwalinda watoto hao kwa wiki nyingi, na ukimtoa mzazi watoto wote huliwa ndani ya muda mfupi.

Mwisho, karatasi ya nyumbani. Siku moja kabla ya kuondoka andika, kwa mwandiko unaosomeka, namba ya gari, barabara utakayopita, kijiji utakacholala kila usiku, jina la mwenyekiti wa kila mahali na namba yake ya simu, na saa utakayopiga. Mpe mtu mmoja mwenye utulivu, si mwenye hofu, na mkubaliane mapema: simu isipopigwa hadi saa tatu usiku, atasubiri hadi saa tatu asubuhi kwa kuwa mtandao hukatika katika misitu na nyuma ya milima, baada ya hapo atampigia mwenyekiti, na mwenyekiti asipopatikana atapiga 112 polisi. Mimi karatasi hiyo humwachia dada yangu Tabora. Nikibadili kijiji hata kwa kilomita tano, humpigia kwanza kabla sijawasha gari.