Somo: Kusaka maada giza kwenye urujuanimno kwa data za Hubble

Maada giza ni maada isiyoonekana ambayo tunaitambua kwa mvutano wake tu. Ikiwa imeundwa na aksioni (chembe ndogo za kinadharia), inatarajiwa aksioni moja ikivunjika itoe fotoni (chembe za mwanga) mbili zinazogawana nishati sawa kwa sawa. Gawanya 2480 kwa uzito wa aksioni katika eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), upate urefu wa wimbi katika nanomita. Aksioni ya eV 10 huangukia nm 248.

1. Ingia MAST, hifadhi ya mtandaoni ya data za darubini za anga, ni bure. Chagua darubini ya Hubble, kifaa STIS (hutawanya mwanga kuwa spektra), greti (kitawanyishi cha mwanga) G230L (nm 157–318), mpasuo (tundu jembamba la kupitishia mwanga) 52X0.2.

2. Pakua faili la x2d (picha nzima ya spektra), usipakue x1d (spektra ya nyota iliyokwisha kuchopolewa). Hapa ndipo wengi hupoteza kazi yote. Faili la x1d limeshaondolewa mwanga wa anga ulio kando ya nyota, ilhali maada giza ya galaksi yetu imetuzunguka kila upande. Ishara unayoitafuta imo ndani ya mwanga huohuo uliotupwa.

3. Soma sehemu za faili SCI (data), ERR (makosa ya vipimo) na DQ (alama za ubora) kwa astropy, maktaba ya Python. Ziba safu za nyota, pamoja na safu 50 juu yake na 50 chini yake, na pikseli mbovu. Chukua mediani ya safu zilizobaki.

4. Usitafute mstari mwembamba. Mwanga uliojaa mpasuo husambaa pikseli 8 hivi, karibu nm 1.3. Kwa mpasuo 52X2 husambaa nm 13, na ishara dhaifu huzama humo.

5. Ukiona uvimbe nm 247, tulia. Oksijeni ya anga la juu la Dunia hung'aa papo hapo, jirani kabisa na aksioni ya eV 10. Linganisha picha zenye SUN_ALT (kimo cha Jua juu ya ukingo wa Dunia, kimeandikwa kwenye faili) chanya na hasi: uvimbe ukififia Hubble inapoingia kivulini, ni wa Dunia.

Usipopata kitu, andika kikomo cha juu cha mng'ao, yaani kiwango ambacho ishara, kama ipo, haikizidi. Hayo pia ni matokeo kamili.

Maswali

*Mwanachama, Rongai:* Mwalimu, bando langu litatosha?
— x2d moja ni MB 14 hivi. Chuja orodha kwanza, ndipo upakue.

*Mwanachama, Chiromo:* Kwa nini tusipandishe darubini Ngong?
— Ozoni hunyonya karibu mwanga wote ulio chini ya nm 300, na nyingi iko kilomita 15 hadi 35 juu. Hata kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, kiko chini yake mno.

*Mwanachama, Kasarani:* Spektra yangu inapanda kuanzia nm 260 hadi mwisho.
— Huo ni mwanga wa Jua uliorudishwa na vumbi la mfumo wa sayari. Toa spektra ya Jua, kisha chagua sehemu za anga zilizo mbali na njia ya Jua angani.